Baba Yumo Kwenye Kofia

Siku hizi kofia ya pikipiki inakuonya kwa sauti ya marehemu wako. Sauti ya mashine watu waliizoea, wakawa hawaisikii tena.

Yangu ina sauti ya mume wangu, Shekiondo. Nikiingia vibaya kwenye kiplefti ananifokea vilevile kama zamani: "Mama Nasra, lori hilo! We mwanamke!" Nikiendesha vizuri, ananyamaza. Na mimi, jamani, naendesha vizuri.

Jana asubuhi nilikuwa nampeleka Nasra shule, amenishika kiunoni, na kofia yake ndogo, iliyounganishwa na yangu, kichwani. Kwenye kiplefti cha sokoni nikapunguza mwendo, nikaangalia kulia, nikasubiri, nikaingia. Kimya. Tukatoka salama.

"Mama, mbona baba hasemi?"

"Kwa sababu tunaenda vizuri, mwanangu."

Akafikiri kidogo. "Basi turudi. Tupite kama wiki ile."

Wiki ile, baba yake alipofoka, nilimwambia breki zilikataa. Kumbe hakuamini.

Kwenye kioo niliona lori la saruji linakaribia kiplefti. Kidole changu kilikuwa kimeshawasha indiketa ya kurudi.