Mwenyeji wa Mwaka wa Kwanza

Digidigi alipofika chuoni na begi lake, Ngiri alimpokea getini kwa bashasha. Ngiri alijua kila uchochoro wa pale, na ushauri wake ulikuwa wa bure.

"Mdogo wangu, vipindi vya asubuhi ni vya washamba," alisema. "Wiki ya mtihani utatoa kopi daftari la mwenzio. Na usimuulize Profesa Kobe swali, utachekwa."

Digidigi, mwoga wa kuchekwa, akashika kila neno. Asubuhi alilala, jioni alipiga soga na Ngiri kantini.

Siku ya jaribio alikaa nyuma kabisa, karatasi ikimkodolea macho. Mara akasikia sauti ikimnong'oneza ubavuni: "Hebu niambie, namba moja umejibu nini?"

Alikuwa Ngiri.

"Kaka! Si uko mwaka wa tatu?"

"Nani kakwambia? Mimi ni wa mwaka wa kwanza, kila mwaka."

Digidigi nusura alie.

"Usijali," Ngiri akamliwaza. "Mwakani tutakuwa wote tena. Nitakuelekeza vizuri zaidi."

Kesho yake asubuhi Profesa Kobe aliingia darasani akamkuta Digidigi benchi la mbele, mkono tayari uko juu.