Mbuzi wa Daraja la Juu

Leso zilikuwa zimefungwa kukatiza daraja, na nyuma yake akina mama walicheza kama watu wasiojua kuchoka.

Kimotho akasimamisha pikapu. Nyuma alikuwa na mbuzi wa ntheo, wale ambao Wakamba wakishawapokea, msichana ni mke wako, ubishi kwisha. Wasipopokelewa, hata uje na pete ya dhahabu, wewe ni mgeni tu uliyepitia chai.

Siku nyingine angepita daraja la chini. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, mto unaokata mji wa Machakos ukavimba ukalimeza, na sasa kila mwenye safari alizungukia hapa juu.

"Hawa wametumwa kutupokea," alisema shangazi yake, Nyaguthii, aliyemhubiria adabu tangu Thika. "Mchumba wako Wanza alisemaje? Wanawake wa kwao wakidai kitu njiani, toa. Usibishane."

"Sawa, tata," Kimotho akamjibu shangazi.

Sukari ikaenda, soda zikafuata, na leso ya mama mkwe ikaishia kiunoni mwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Huyo akachungulia dirishani, akamkagua bwana harusi kuanzia viatu.

"Kwa picha ulikuwa mfupi," alisema.

"Ni hizi simu," Nyaguthii akawahi. "Zinafupisha watu."

Wakacheka wote. Kisha mama yule akataka mbuzi washuke papo hapo, wapitishwe njia ya mkato, maana kwao mbuzi hutangulia na mkwe hufuata. Kimotho akasita. Shangazi akamkanyaga mguu. Mbuzi wakashuka, vigelegele vikapaa, daraja likafunguka.

Kwa kina Wanza, huko Katelembo, baba yake, mzee Mbithi, alingoja wageni wanawe mikono ndipo akauliza mbuzi wako wapi. Akaambiwa wanaletwa na wanawake wake, wale wa darajani. Mzee akageuka polepole kutazama jikoni, ambako wanawake wake wote walikuwa wakimenya viazi tangu alfajiri.

Wanza akamtazama Kimotho. Kimotho akatazama viatu vyake.

Papo hapo bodaboda ikaingia uani, ikashusha sanduku na msichana aliyepambwa akapambika. Akaangaza macho, akaiona pikapu, kisha akamwona mwenye pikapu.

"Tumewatafuta mji mzima tangu mtuachie mbuzi darajani," alimwambia Kimotho kwa haya. "Mama amesema labda mlipotea njia, na kwa vile mbuzi mmoja ameshaliwa, nije tu mwenyewe."