Mwanya wa Stelingi

Fatu alipojiona akicheka kwenye shuka jeupe la sinema, alifunga mdomo. Uso ule ulikuwa wake, wa enzi za Bujumbura, kabla hajakimbilia Ujiji na kuazima jina. Tangu hapo njaa ilikuwa imeukondesha. Mwanya tu ndio haukubadilika.

"Jamani, mwanya ule!" alipaza sauti jirani yake. "Kama wako, shoga! Hebu cheka tuone."

Safu ya mbele mwanamume aligeuka. Alikuwa mmoja wa waliomuua mume wa Fatu, na wiki nzima alikuwa akimuulizia Fatu kwenye soko la Mwanga kwa jina lake la zamani.

Kwenye shuka risasi ililia, na yule mwanamke akaanguka.

"Stelingi hafi!" ukumbi mzima ulipinga. "Inuka, mama! Mbona tumbo linapumua?"

Kweli lilikuwa linapumua. Siku ya kuigiza kifo kile, mwelekezi wa filamu alimfokea, "Wewe hata kufa hujui!" Fatu alikumbuka, na katikati ya hofu kicheko kikampanda kooni. Akaing'ata kanga.

Tochi ikammulika usoni.

"Dada," yule mwanamume wa safu ya mbele alisema taratibu, "ondoa kanga."

"Anaona haya huyu," jirani alisema, na huku akicheka akaivuta.