Mpira Uliofutwa kwa Kitenge

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, na ulimwengu unanicheka: gofu ndiyo kazi yangu, lakini napiga kama mtu anayelima viazi kwetu Masereka.

Leo hapa Butembo lilibaki pigo moja tu nichukue kombe. Mama akaingia uwanjani, akaokota mpira wangu, ambao mtazamaji haruhusiwi kuugusa, akaufuta matope kwa kitenge chake, akanipa kwa mikono miwili.

Watu wakacheka. Masikio yakaniwaka. Nilitazama visigino vyake vilivyopasuka, nikatamani asingekuja.

"Ule mumama ni wa nani?" akafoka patron anayenigharamia. "Omba batu pardon, Kavuo! Kama hapana, sitakulipia tena, hata nauli ya kufika Beni."

"Ni mama yangu," nikasema, macho chini. "Na pardon siombi."