Kura Kumi na Moja za Lodi Balmuir

Lori lilizama kwa mara ya tatu, mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa pakavu.

"Shukeni tena," alisema Bibi Ishbel. Aliruka kutoka kwenye usukani akiwa amevaa buti za mumewe, akachukua sepetu na kuanza kuchimbua gurudumu la nyuma.

Wakashuka wakinung'unika. Meja Lumsden, msimamizi wa kampeni, aliwahesabu kwa mazoea tu. Kumi na moja, pamoja na yeye mwenyewe na dereva. Zote zilikuwa kura za uhakika za Lodi Torquil Balmuir, mume wa Bibi Ishbel. Masanduku yangefungwa Eldoret saa kumi na moja kamili, sasa ilikuwa saa tisa, na maili kumi na nne zilikuwa bado mbele yao.

Sitienei, nyapara wa shamba, na vijana wake wanne hawakuwa na kura. Wao walikuwa na mabega. Wakaliegemea lori na kusukuma kwa kelele nyingi, na lori likabaki pale pale.

"Ajabu," Meja alisema huku akifuta tope kwenye sharubu. "Mvua ya juzi haikujaza hata pipa langu."

"Kwako ilipita pembeni," Bibi Ishbel alijibu bila kuinua kichwa. "Shika hii mbao, Meja, tutaongea mvua baadaye."

Meja alishika mbao. Alimheshimu mwanamke huyu kuliko alivyomheshimu Lodi mwenyewe, ingawa hilo asingelitamka hata kwa mtutu wa bunduki. Ngome ya kina Balmuir huko Uskoti ilikuwa imebaki kuta na kunguru. Lodi alikuja Uasin Gishu na cheo chake, bunduki mbili na mke, akapewa ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Cheo kilikaa mezani, bunduki zikakaa ukutani, na mke ndiye aliyelima. Miaka kumi na tisa. Kila mti wa mwati uliosimama pale aliupanda yeye.

Na sasa Lodi alitaka kiti kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Akishinda, wangehamia Nairobi, na shamba lingeuzwa kwa kampuni ya chai. Karatasi zilikuwa tayari, bado sahihi tu.

"Hutalikumbuka shamba?" Meja alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mke wa Balmuir hufuata anakokwenda Balmuir," alisema. "Ndivyo nilivyolelewa. Sukuma."

Walikuwa bado wanahangaika alipotokea Gert Prinsloo, Kaburu wa shamba la pili, na ng'ombe wake kumi na sita wa kuvuta. Kila mtu alijua Prinsloo alikuwa upande wa Van Wyk, mpinzani wa Lodi.

"Jirani, mbona mnaogelea?" alisema Prinsloo. "Leteni mnyororo niwavute. Kapigeni kura zenu, kuchukiana tutaendelea kesho."

Meja alikuwa ameshafungua mdomo kushukuru. Bibi Ishbel akamtangulia. Alisimama wima juu ya kikanyagio cha lori, tope hadi magotini, akawageukia wapiga kura wake.

"Mmesikia? Ng'ombe wa Kaburu ndio wawapeleke kumchagua Balmuir. Mimi ni dereva tu. Nyinyi mwasemaje?"

Bi Farquharson, mwenye miaka sabini na minne, aliyekuwa amekalishwa juu ya gunia kama kuku wa mayai, aliinua fimbo yake.

"Afadhali nizikwe hapa hapa kwenye tope."

Wakapiga makofi wote. Hata Meja alipiga, kifua kimemjaa, akisahau kabisa saa mfukoni. Hakuna mtu duniani mwenye kiburi kama Mskoti aliyelowa.

"Haya, zikaneni," Prinsloo alisema, akawachapa ng'ombe wake na kwenda zake.

Bibi Ishbel hakukata tamaa. Alichimba, akakata matawi, akatandika magunia, akaunguza mikono kwenye injini. Wanaume wawili walipopendekeza warudi nyumbani aliwaambia wakitaka kurudi warudi kwa miguu, yeye hageuzi lori. Mwishowe likatoka. Alilikimbiza mpaka Meja akaanza kusali.

Walifika saa kumi na moja na robo. Mlango ulikuwa umefungwa, na askari wa zamu hakutaka kusikia habari za tope wala za ulodi.

Matokeo yalitoka adhuhuri ya siku ya pili. Van Wyk kura mia mbili kumi na nne, Balmuir mia mbili na saba.

Lodi alirudi nyumbani amenyong'onyea. Barazani, mbele ya Meja, aliushika mkono wa mkewe wenye malengelenge.

"Umenipigania kuliko askari yeyote niliyewahi kuwa naye vitani," alimwambia. "Nimewaandikia wale wa chai kwamba hatuuzi tena. Bila kiti, Nairobi tunakwenda kufanya nini?"

"Pole, Torquil," alisema, akambusu kwenye paji la uso na kutoka kwenda kuangalia kazi.

Meja aliagana na Lodi. Alizunguka nyuma ya ghala kumchukua farasi wake. Alikuwa anafunga tandiko aliposikia sauti ya Sitienei upande wa pili wa ukuta.

"Memsabu, ule mlango wa bwawa ulioagiza tuufungue Jumapili, maji yaende barabarani. Tuufunge sasa?"

"Ufungeni," alijibu Bibi Ishbel. "Kesho tunapanda ngano."