Mstari Mmoja wa Diwani Adalbert

"Soma, papa," mkewe alimwambia, akijifuta unga mikononi kwa kitenge. "Nataka kusikia vile ulisema mbele ya Bazungu."

Adalbert alikuwa ameshika karatasi za kumbukumbu za kikao cha baraza la komini, serikali ya mtaa wao. Mwaka ule wa 1958 alikuwa amechaguliwa diwani, na juma lililopita alisimama kwa mara ya kwanza, akasema karibu nusu saa. Alizungumzia bomba la pekee la maji mtaani kwao, na wanawake wanaopanga foleni tangu alfajiri. Sasa aliyatafuta maneno yake katika Kifaransa kile chote, akakuta mstari mmoja: diwani Adalbert naye alizungumza.

Mkewe hakujua kusoma. Alikuwa anangoja, uso unang'aa.

Adalbert akakohoa, akakaza macho kwenye mstari ule, akasema tena yote aliyoyasema barazani: ndoo, matope, mama mjamzito aliyeanguka akingoja zamu yake. Hakuacha hata neno.

Alipomaliza, mkewe alisogea. Akaweka kidole chake, kilichochubuliwa na sabuni, pale macho ya mumewe yalipokuwa yametua. Kidole kiliufunika mstari karibu wote.

"Yote iko hapa?"

Adalbert alikitazama kidole kile.

Mkewe hakukiondoa kidole. Kwa mkono wa pili alimshika bega.

"Ulisema muzuri, papa. Kikao ingine iko siku gani?"

"Mardi, Jumanne."

"Basi tutakuja. Banamuke bote ba foleni ya maji."