Sukari ya Moyo wa Gesualdo

"Mbona inadondoka taratibu hivyo?" Nunziata alifoka, akiinyooshea kidole chupa ya dripu. "Mnataka aniache na nani?"

Sista Crocifissa, mtawa muuguzi wa wodi ya moyo, aliilegeza koki kidogo tu. "Taratibu, mama. Dawa hii ikienda kasi inamchoma mshipani."

Kitandani alilala Gesualdo, fundi viatu, hajitambui tangu moyo ulipomwangusha barabarani. Kwetu Palermo wauguzi hawatoshi, dripu hulindwa na jamaa wa mgonjwa. Ukikaa kando ya kitanda ukaikodolea macho chupa, basi mgonjwa ni wako. Nani akuulize?

Nunziata alikuja na mchuzi wa kuku kila siku. Gesualdo hakuweza kumeza, ukanywewa na vitanda vya jirani.

"Moyo wake umekosa hewa," Daktari Lojacono alimweleza. "Sukari ya kawaida kwake ni kuni mbichi, hauna nguvu ya kuiwasha. Hii ya kwenye dripu ina fosfeti, ni kuni iliyokwisha kushika moto. Moyo ukiipokea, utasukuma damu. Ukiikataa..."

"Utaipokea! Utake usitake!"

"Maumivu yalimwanza lini?"

"Ah, daktari, wanaume hawa! Hajaniambia hata neno."

Daktari akacheka. "Mke wangu naye hulalamika hivyo hivyo."

Jioni mtawa alimsihi akalale kwake.

"Nikalale na nani, sista? Kule naongea na redio. Hapa angalau namsikia mtu akipumua." Akaushika tena mkono wa Gesualdo, ulio baridi kama samaki wa barafuni. "Mungu wangu, usife, wewe mzee. Nakuomba."

Kesho yake mchana vidole vikaanza kupata joto. Kucha zikarudia rangi yake. Nunziata aliangua kilio bila haya, na wodi nzima ikapiga makofi.

Gesualdo akafumbua macho.

"Karibu tena, bwana!" daktari alisema. "Ulitaka kumwacha mama wa watu mjane?"

Nunziata aliuachia mkono. Akaokota mkoba wake, akaelekea mlangoni haraka, uso umemwiva kwa aibu.

Gesualdo alimfuata kwa macho.

"Daktari," alisema kwa taabu, "mimi sijaoa maisha yangu yote." Akameza mate. "Sasa mbona mnamwacha aondoke?"